Mwanangu ni fowadi, hafungi trai. Je, kazi hiyo ina maisha?

Swali: Kaka, salamu kutoka magharibi mwa Sydney. Sisi ni Wakongo, tulitoka kambi ya Nyarugusu miaka 9 iliyopita. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, anacheza raga ligi, ni fowadi, mmoja wa wale wa kazi nzito za mbele. Kila wikendi nakaa kwenye baridi mpaka mwisho wa mechi, na mwaka huu sijamwona akifunga hata mara moja. Wenzake wa pembeni wanafunga, wanabebwa juu. Yeye anaanguka, anaamka, anaanguka tena. Kocha ananiambia "anafanya kazi kubwa sana", nami naona ni maneno ya kunifariji. Kijana amekwisha amua kwamba ataishi kwa mchezo huu, na madaftari yake yameanza kushika vumbi. Baba yake anataka aache. Je, mtu anaweza kupata maisha kwa kufanya kazi tu, bila kufunga? Na mwili wake utabaki salama?

Jibu: Dada yangu, kocha hakukufariji. Kwa fowadi wa raga ligi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na makocha hawaigawi ovyo. Mimi nimefundisha mafowadi vijana kwa miaka 15, na kabla ya hapo nilicheza raga ya watu 15 Nairobi, huko huko mbele. Nimepitia vijana wengi wenye vifua vipana na miguu kama nguzo ambao sikuweza kuwaambia wazazi wao maneno hayo, kwa sababu yasingekuwa kweli.

Na mtu aliyepata maisha kwa kazi hiyo yupo, tena uwanja aliochezea hauko mbali na unapoishi. Anaitwa Nathan Hindmarsh. Alicheza safu ya pili ya mafowadi wa klabu ya Parramatta Eels tangu 1998 hadi 2012, hakuhama klabu, akafikisha mechi 330. Hakuna aliyeichezea Parramatta mechi nyingi kuliko yeye. Hakuwa na mbio za kutisha wala hakuwa mfungaji wa kutegemewa. Alikuwa mfanyakazi. Nitakueleza habari zake kwa kirefu, tamu na chungu, maana maswali yako yote yamo humo.

Lakini kwanza nikuoneshe anachofanya mwanao, kwa sababu nadhani unautazama mpira. Karibu kila mtu huutazama mpira.

Raga ligi ni watu 13 kwa 13, na kwa wakubwa ni dakika 80. Timu yenye mpira ina nafasi sita. Mbebaji akikamatwa na kuzuiwa, mchezo unatua kidogo: anasimama, anauweka mpira chini, anausukuma kwa mguu kwenda nyuma kwa mwenzake, na nafasi moja imekwisha. Zikiisha zote sita bila trai, yaani bila kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana unawaona wakiupiga teke mbali wanapobakiwa na nafasi ya mwisho. Kila mchezo unapotua, upande unaozuia lazima urudi nyuma mita 10, isipokuwa mtu mmoja au wawili wanaosimama uso kwa uso na mpira. Wakisharudi, wanapanda tena kukaba, yaani kumkamata mbebaji na kumwangusha. Kurudi, kupanda, kukaba, kuamka, mpaka kipenga cha mwisho.

Sasa mtazame mwanao timu yake inapopokea mpira kwao. Mara nyingi fowadi ndiye anayetumwa kuubeba kwanza. Anatoka karibu na mstari wake, uwanja mzima unajua anakokwenda, na mbele yake wanamngoja watatu wanaokuja mbio. Hatarajiwi kuwapita. Kazi yake ni kuingia katikati yao kwa nguvu, kuwaburuta mita mbili tatu za ziada, kisha kuanguka vizuri. Kuanguka vizuri ni fani, dada. Anayeangukia mgongo watamlalia mpaka wenzao wote wawe wamerudi mahali pao. Anayeangukia magoti na viwiko anaweza kusimama mara tu wanapomwachia. Tofauti ni sekunde moja. Lakini katika sekunde hiyo walinzi bado wanarudi kinyumenyume, na mpira ukitoka upesi unawakuta hawajajipanga. Nafasi ya pili inakuwa nyepesi kuliko ya kwanza, ya tatu nyepesi zaidi, na kwenye ya nne yule kijana wa pembeni anajikuta anakimbia peke yake, anafunga, anabebwa juu. Trai ile ilianza mita 70 nyuma, kwa mtu aliyeamka haraka.

Kuna kazi nyingine ambayo hata mashabiki wa siku nyingi hawaioni. Mtu wa safu ya pili hukimbia kwa kasi yake yote kana kwamba anakwenda kupokea pasi, hali anajua pasi haiji. Mlinzi akimfuata hata hatua moja, nyuma ya mlinzi huyo limefunguka pengo. Akikimbia kivivu hadanganyi mtu. Kwa hiyo inambidi akimbie kweli, mara kumi, mara kumi na tano, ili mara moja ilete faida, na faida yenyewe aipate mwingine. Ukiniuliza ni nini kilinifanya niupende mchezo huu kuliko ule niliokulia, ni hiki. Mtu anayakimbia mapafu yake yote kwa ajili ya mpira ambao hataugusa.

Kisha kuna kuzuia, na hapa ndipo jina la Hindmarsh linapokaa. Yeye ndiye mchezaji wa kwanza wa NRL, ligi kuu ya Australia, kufikisha idadi ya kukaba mara 10,000. Igawanye kwa mechi 330: zaidi ya mara 30 kila alipoingia uwanjani, msimu baada ya msimu. Na kila moja ina safari yake: mita 10 za kurudi, mbio za kupanda, kishindo cha mtu wa kilo 100 na ushee, kuanguka naye, kumwachia kabla refa hajapuliza adhabu, kuamka, kurudi tena. Niliwahi kuwapa vijana wangu zoezi la kufanya hivyo mara 30 bila mpinzani na bila kishindo, yaani kurudi, kupanda, kulala na kuamka tu. Wengi waliishia mara ya 18, wameshika viuno.

Kocha anayepanga timu anamtafuta mtu wa namna hiyo kuliko unavyodhani. NRL siku hizi inaruhusu mabadiliko 8 tu katika mechi. Enzi za Hindmarsh yalikuwa 12, kisha yakapunguzwa kuwa 10. Mapropu, wale wazito wa jezi namba 8 na 10, hawawezi kukaa ndani muda wote, lazima wapumzishwe na kurudishwa. Fowadi anayebaki uwanjani dakika 80 bila kulegea anamwachia kocha mabadiliko ya kuwatumia wengine. Hilo lina thamani ya fedha, na klabu huhesabu: nani amekaba mara ngapi, nani amemkosa mtu, nani amebeba mita ngapi. Jasho la mwanao linaandikwa, hata kama halitangazwi kwenye kipaza sauti.

Hindmarsh alizaliwa Bowral mwaka 1979 na kukulia Robertson, mji mdogo wa wakulima wa viazi kusini mwa Sydney. Kaka yake Ian naye alifika ligi kuu. Mashabiki wanamkumbuka jezi imechomoka, nywele zimelowa, kaptula inateremka kila anapoinuka kutoka chini, maana mstari ulikuwa unapanda tena na hakuwa na muda wa kuipandisha. Watu wa Parramatta walimpenda kwa hilo. Magharibi mwa Sydney ni kwa watu wa zamu na viwanda, wahamiaji kama wewe na mimi, na walimwona mtu anayefanya uwanjani kile wao wanachofanya juma zima.

Wala si ajabu mchezo huu kuwatunza watu wa aina hiyo, maana ulizaliwa kwa sababu ya mshahara. Mwaka 1895, kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyekwenda kucheza alikatwa ujira. Klabu zao zikataka kuwafidia, wakubwa wa raga wakakataa, basi Agosti 29 mwaka huo klabu za kaskazini zikakutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, zikajitenga. Huko ndiko raga ligi ilikoanzia. Sydney iliipokea mwaka 1907, ligi yake ikaanza 1908.

Sasa machungu. Hindmarsh hakuwahi kutwaa ubingwa. Hata mara moja.

Mwaka 2001 Parramatta walimaliza msimu wakiwa vinara, wakifunga pointi kwa wingi ambao ligi ilikuwa haijauona. Fainali kuu wakakutana na Newcastle Knights. Kufika mapumziko walikuwa nyuma 24 kwa 0. Walipambana kipindi cha pili mpaka wakafika 24, lakini Newcastle walikuwa na 30. Mwaka 2005 wakaongoza ligi tena, wakatolewa na North Queensland hatua moja kabla ya fainali, 29 kwa 0. Mwaka 2009 waliingia mchujo wakiwa wa nane, yaani wa mwisho kati ya waliofuzu, wakafika fainali kuu, wakafungwa na Melbourne Storm 23 kwa 16. Miezi michache baadaye, Aprili 2010, ikabainika kwamba Melbourne walikuwa wakilipa wachezaji kwa siri kupita ukomo wa mishahara. Wakapokonywa ubingwa wa 2007 na wa 2009. Kombe halikuhamia Parramatta. Mwaka 2009 umeachwa bila bingwa. Sina ubishi na sheria, lakini bado huniuma ninapofikiria mikono iliyokaba siku ile dhidi ya kikosi ambacho hakikupaswa kuwa kilivyokuwa.

Msimu wake wa mwisho, 2012, akiwa nahodha, Parramatta walishika mkia. Angeweza kuondoka miaka ya nyuma kwenda kutafuta kombe kwingine, akabaki. Lakini kuna tuzo moja ambayo enzi zake ilichaguliwa kwa kura za mashabiki wenyewe, iliyopewa majina ya Norm Provan na Arthur Summons, manahodha wawili waliopigwa picha wamekumbatiana, matope tupu, baada ya fainali ya 1963. Provan mwenyewe alikuwa mtu wa safu ya pili. Tuzo hiyo Hindmarsh aliipata zaidi ya mara moja. Alivaa jezi ya jimbo la New South Wales na ya Australia pia. Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu anaweza kupata maisha bila kufunga, ndiyo: mshahara wa miaka 15, heshima ya mji mzima, na kazi ya televisheni baada ya kustaafu. Ukiniuliza kama kazi peke yake huleta kombe, hapana. Mwanao ayajue yote mawili akiwa na miaka 16, yasije yakamshtua akiwa na 26.

Nimtaje na mwingine kwa ufupi, kwa ajili ya baba yake kijana, ambaye pengine anahofia muda unapotea. Jamie Peacock wa Leeds, Uingereza, hakuchukuliwa na klabu kubwa alipokuwa kijana mdogo. Alicheza ridhaa, akaenda mpaka Wollongong hapo Australia kuchezea timu ya chuo kikuu, na aliingia kikosi cha Bradford Bulls mwaka 1999, anafikisha miaka 22. Alistaafu akiwa ameshinda fainali kuu 9 za Super League, ligi kuu ya Uingereza, 3 na Bradford na 6 na Leeds Rhinos, amekuwa mchezaji bora wa mwaka 2003, na nahodha wa Uingereza. Naye alikuwa propu mtu wa kazi. Mwaka 2016, akiwa na miaka 38 na ameshastaafu, klabu ya Hull KR aliyokuwa akiifanyia kazi ofisini iliishiwa wachezaji, akavaa viatu tena. Walishuka daraja kwa pointi moja ya muda wa nyongeza. Nilimwonea huruma, nikamvulia kofia. Ninachotaka umwambie mumeo ni hiki: mafowadi hukomaa polepole. Anayetamba akiwa na miaka 16 kwa sababu ameota ndevu mapema, wenzake watamfikia. Anayetamba kwa sababu ya kuamka haraka, hilo halimtoki.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaamini ni kwamba bidii uwanjani hufundishwa. Wanadhani mtoto huzaliwa nayo. Mimi humwangalia kijana anakaba wapi. Akikaba kifuani kila mara, anapambana na nguvu zote za mpinzani, anachoka kufikia dakika ya 30, na kichwa chake kiko hatarini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ashuke kwa magoti, mgongo unyooke, macho yawe juu, bega liingie kwenye paja, na shavu lilale nyuma ya mpinzani, si mbele ya magoti yake. Kisha miguu iendelee kwenda baada ya kugusana. Mtu akikosa miguu hata awe mkubwa namna gani huanguka. Anayekaba hivi hutumia nguvu kidogo, na nguvu iliyobaki ndiyo inayomwamsha. Mwombe kocha amtazame kwa jambo hilo moja tu kwa mwezi mzima, hasa bega la upande wake dhaifu. Karibu kila fowadi kijana ana bega moja zuri na moja la kubahatisha, na wapinzani wakigundua watamjia huko huko.

Nyumbani anahitaji usingizi na chakula kuliko vyuma. Vijana wa umri wake hukimbilia kunyanyua vyuma ili wapanuke, kisha wanapata saa tano tu za usingizi kwa ajili ya simu. Mpikie ugali wake, maharage, samaki, mayai. Hakuna unga wa kopo utakaoshinda chakula cha nyumbani kwa mtoto wa miaka 16. Saa tisa za usingizi zitamfanyia kazi ambayo mimi siwezi kumfanyia.

Sasa mwili, na hapa sitakulainishia maneno. Huu ni mchezo wa kugongana. Mabega, magoti na vidole vitaumia, na vingi vitapona. Ninachohofia ni kichwa. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walieleza kwamba wamekuta ugonjwa wa ubongo uitwao CTE, unaohusishwa na kugongwagongwa kichwa kwa miaka mingi, katika ubongo wa wachezaji wawili wa zamani wa raga ligi. Ugonjwa huo huthibitishwa baada ya mtu kufa tu. James Graham, propu wa Uingereza aliyecheza miaka mingi Sydney, tangu astaafu mwaka 2020 amezungumza wazi juu ya mitikisiko ya ubongo aliyoipata na hofu inayobaki. Mafowadi wa kazi ndio wanaogongana mara nyingi zaidi. Kukaba mara 30 maana yake ni hiyo.

Nilipokuwa na miaka 22 niligongwa kichwa katika mechi moja Nairobi. Kocha wangu wa wakati ule alinimwagia maji, akaniuliza kama mimi ni mwanamume, akanirudisha. Kipindi cha pili chote sikikumbuki mpaka leo. Nimesimuliwa tu kwamba nilicheza vizuri. Tulikuwa tunaambizana "punda afe, mzigo ufike", na tulijivunia. Nilikosea kujivunia, na sikubali kijana yeyote ninayemfundisha aambiwe maneno hayo.

Kwa hiyo shika haya kama unavyoshika dawa ya malaria. Akigongwa akaonekana mzito, akauliza swali lile lile mara mbili, akatapika, akasumbuliwa na mwanga, au hakumbuki matokeo, ametoka na harudi siku hiyo, hata fainali. Apelekwe kwa daktari. Maumivu ya kichwa yakizidi, akalegea au kusinzia isivyo kawaida, au akapata degedege, ni hospitali mara moja. Miongozo ya Australia ya mwaka 2024 kwa walio chini ya miaka 19 inataka zipite siku zisizopungua 21 tangu kuumia kabla ya kurudi kwenye mechi, na siku 14 bila dalili yoyote kabla ya mazoezi ya kugongana. Wakubwa wa NRL wana muda wao wa siku 11 na madaktari wao. Mwanao asijilinganishe nao. Kocha akikubembeleza kupunguza siku hizo, una haki ya kukataa, na hapo ndipo utajua kama ni kocha mwema. Mama akisema hapana, imekwisha.

Tuje kwenye fedha na shule. NRL ina klabu 17, na kikosi cha kwanza cha kila klabu ni wachezaji 30. Zidisha: nafasi 510. Humo ndimo wanamogombania vijana wa Sydney yote, Queensland, New Zealand, Papua New Guinea, Tonga, Samoa na Fiji, na wengi wao ni mafowadi wakubwa kuliko mwanao. Kuna ngazi za kupanda: mashindano ya vijana ya Harold Matthews Cup, kisha S.G. Ball Cup, kisha timu za akiba. Katika kila ngazi wengi hubaki chini, na wengine huangushwa na goti siku moja ya mvua. Kijana wa kazi ana nafasi, lakini ana nafasi kama mwenye shamba zuri, bado mvua si yake.

Basi shule haijadiliwi. Sheria ya New South Wales yenyewe inamtaka mtoto amalize mwaka wa 10, kisha mpaka afikishe miaka 17 awe shuleni, kwenye mafunzo, au kazini. Mimi ningeongeza la kwangu: asiache bila kuwa na cheti mkononi, kiwe cha mwaka wa 12 au cha ufundi kutoka TAFE, vyuo vya ufundi vya serikali. Fundi umeme anaweza kufanya mazoezi jioni. Waliokaa muda mrefu katika mchezo ambao nimewajua walikuwa na jambo la pili la kufikiria siku timu ilipofungwa, na hilo liliwasaidia hata uwanjani.

Na fedha zikija, kuna mtego ambao lazima umtajie mapema. Klabu nyingi za raga ligi katika New South Wales zinaishi kwa mashine za kamari, ambazo zimeruhusiwa kwenye klabu tangu 1956. Kijana anamaliza mazoezi, anapita ukumbini kula, na mashine ziko pale zinamulika. Hindmarsh, mtu niliyekusifia tangu mwanzo, alijitokeza mwenyewe hadharani akaeleza jinsi kamari ilivyomla fedha nyingi. Namheshimu zaidi kwa kulisema. Mtu aliyezoea dakika 80 za moto hubaki na saa nyingi tupu, na saa hizo zina wanunuzi. Mwanao akipata malipo yake ya kwanza, hata yakiwa madogo, kaeni naye mezani ninyi wawili na muandike yanakwenda wapi.

Kwa mumeo nina neno moja. Asimwachishe sasa. Mtoto aliyetoka mbali kama wenu, aliyejifunza lugha mpya darasani huku anachekwa, amepata mahali ambapo wenzake 12 wanamtegemea na wanamwamini. Aweke sharti la shule, alisimamie bila kutetereka, lakini amwache acheze. Na aje uwanjani. Kijana anayetazamwa na mama peke yake huamka kwa ajili ya mama. Akimwona na baba pembeni ya mstari, utaona tofauti.

Jumamosi ijayo chukua karatasi na kalamu. Usiutazame mpira hata kidogo. Mtazame yeye, na kila anapoanguka, awe amebeba au amekaba, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Akiwa amesimama kabla hujafika tatu, weka alama upande wa kulia. Akichelewa, weka kushoto. Kipindi cha kwanza hesabu wewe, kipindi cha pili mpe baba yake kalamu. Dakika 20 za mwisho mziweke mstari wake peke yake, maana hapo ndipo wengi huacha kuamka. Mwonesheni karatasi hiyo kabla ya kumuuliza habari za trai, kisha niandikieni mlichopata.